Mkono Chini ya Gari

Gari la kuchezea la Mdoe, la mti wa mkonge, lilipinduka katikati ya mteremko. Mwenye zamu ya kuinua magari pale alikuwa Chausiku, ambaye Mdoe alikuwa amemtoa mashindanoni muda mfupi tu uliopita.

Kijiji kizima kilijua desturi: aliyeshindwa huinua gari la mwenzake na kuliachia, basi. Gari lililotengenezwa njiani halihesabiwi.

Chausiku aliinama, akampa Mdoe mgongo. Mkono wake ulikawia chini ya gari.

"Anachokonoa magurudumu yangu!" Mdoe alipiga kelele, akimgeukia mwamuzi. "Mzee Balozi, shuhudia! Likifika likaguliwe!"

Gari likaachiwa, likateremka kama limetumwa. Mengine yalikuwa yamekwama majanini. Lake likafika la kwanza. Mshindi angekwenda Korogwe siku ya Saba Saba, lakini Mdoe hakushangilia. Alilikimbilia, akaligeuza juu chini, akitafuta hila.

Mwiba ulioshikilia gurudumu la nyuma lisichomoke ulikuwa umekatika. Mahali pake palikuwa pamechomekwa pini ya mtandio.

Kule juu Chausiku alisimama, ameushikilia mtandio wake kidevuni kwa mkono.

Mdoe akaifunika pini kwa kidole gumba.

"Haya," Balozi alisema, akinyoosha mkono. "Si ulitaka likaguliwe? Lete."