Siku ya Verna Kurudi Redioni

Ah, kupiga simu redioni? Nilipiga mara moja tu maishani, mjukuu wangu. Stesheni yetu ya nyimbo za kantri hapa Kentucky iliuzwa, watangazaji wetu wakafukuzwa, ikabaki mashine inaongea kutoka mji wa mbali. Haijui nani kafa, wala ng'ombe wa nani kapotea.

Tulipolalamika sana, mwenye stesheni akamrudisha Verna, mtangazaji wetu wa zamani, saa sita mchana, siku moja ya majaribio. Asipopigiwa simu, basi tena.

Chakula kiko mezani, sisi wote tumesimama mbele ya redio. Verna anaita, "Jamani, mpo?"

Hakuna aliyepiga.

Mimi na aibu zangu hizi, nikanyakua simu. "Verna, nimepoteza ndama mwekundu."

Redio ikapiga mluzi, masikio yakauma.

"Mzee, punguza redio yako! Miaka arobaini nawaambia!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilipokata simu, bibi yako akaongeza tena sauti ya redio. "Muongo we! Ndama si yuko zizini?"

"Subirini zamu, jamani," Verna akasema, "simu zote zinalia."

Tukavuta viti, tukala maharage na mkate wa mahindi. Vilishapoa.