Sauti ya Jirani

Kila jioni Caren alimwandikia jirani yake ujumbe wa simu wa kumtumia mumewe, maana jirani hakujua kuandika. Mume wa jirani alikuwa kiwandani Muhoroni, na majibu yake matamu Caren aliyasoma moyo ukimwenda mbio. Mume wake mwenyewe hujibu "Sawa" tu.

Leo jirani alikuja akicheka. "Caren, nimefunzwa kutuma sauti!"

Akabonyeza kwa kidole chenye magamba ya samaki ngege, akaongea Dholuo kwa kelele, hata salamu akasahau.

Jibu la mumewe likaja papo hapo, kwa sauti. "Sasa nakusikia wewe mwenyewe! Yale maandishi yalikuwa kama ya mgeni."

Jirani akapiga vigelegele.

"Lete simu nikutengenezee isikwame," Caren alisema. Akaipokea simu, akampa mgongo, akaizuia namba ya yule mume wa Muhoroni.