Mke Mwenza wa Korongoni

Saluha alidanganya kabla hata hajavua viatu.

"Amekuja, baba."

Larusi akageuza shingo juu ya mto. Miaka thelathini alikuwa akilinda msitu huu wa mialoni, mpakani na Aljeria. Sasa mapafu yalikuwa yamemlaza, na daktari wa mjini Jenduba alishasema arudishwe nyumbani, apewe chochote atakachotaka kula.

"Kapita wapi?"

"Palepale, kwenye mchanga wa korongoni."

"Huyo mke mwenzangu hachoki!" Mama yake Saluha, Mabruka, alikuwa akichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni amlishe mumewe. "Mtu yuko kitandani, bado anamfuata."

"Wivu tu huo," Larusi akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Saluha akaenda kukaa dirishani na daftari lake. Daftari hakulidanganya. Aliandika: Hakuna nyayo. Siku ya kumi na tisa.

Utafiti wake wa chuo kikuu ulikuwa huo: moto ukila msitu na vijito vikikauka, kulungu hubadilishaje mwendo? Baada ya moto wa mwaka juzi alibaki jike mmoja tu, naye hakuna aliyewahi kumwona. Saluha alizijua nyayo zake tu, hatua fupifupi za woga, kila asubuhi alipokuwa nyumbani likizo. Profesa alizifurahia. "Mshike huyo mnyama," alimwambia. "Bila yeye huna shahada."

Kisha baba akaugua, kiangazi kikakaza, nyayo zikakoma. Saluha alijua maana yake: kulungu amekufa. Lakini angeanzaje kumwambia mgonjwa anayeuliza habari za kulungu kabla hajaulizia dawa?

Leo macho ya baba yalikuwa yameingia ndani zaidi. Saluha akaona amwongezee.

"Halafu hakuwa peke yake, baba. Ana mtoto. Vikwato vidogo, hivi."

Larusi akamkazia macho.

"Mtoto? Umeviona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

Machozi yakamtoka mzee, yakateremka mpaka masikioni, wala hakuyafuta.

"Alhamdulillahi. Siku zote hizi nasikia tu, nasema moyoni, ngoja kwanza niwe na hakika. Lakini na mtoto!"

Akapeleka mkono chini ya godoro, akapapasa, akatoa kijiti. Kwenye ncha yake ulifungwa ukwato wa kulungu, mkavu, umeungua upande mmoja. Mchanga wa korongoni ulikuwa bado umeganda kwenye ufa wake.

"Usinikasirikie. Nilitaka uwe na nyayo, usome," alisema, akitabasamu kama mtoto. "Katupe hiki, mwanangu. Wa kweli amerudi."