Fidla Si Sare

"Tupe kubwa," bibi alisema mara ya tatu, huku akifungua mkoba na kuufunga, ta, ta, ta. "Atakua tu. Hata sare ya shule nilimnunulia ya kuburuza."

"Fidla si sare, Mama," muuzaji alisema. "Haikunjwi pindo ukaja kulishusha."

Akamwekea mjukuu ile kubwa begani. "Nyoosha mkono, ushike kichwa cha fidla." Mtoto akajivuta mpaka shingo ikampinda kama kuku anayechungulia dirishani. Vidole vikaishia njiani, vikitapatapa hewani.

Akamwekea ndogo. Vidole vikakizunguka kichwa cha fidla vizuri, kama vinavyoshika kidole cha bibi wakivuka barabara.

"Hii ndiyo ya kuanzia. Mwakani mrudi, nitawabadilishia."

Mwakani! Huyu anagawa miaka kama peremende, bibi aliwaza. Ndani ya mkoba mlikuwa na barua ya hospitali: Jumatatu anapasuliwa moyo, na nyumbani hajamwambia mtu. Alitaka anunue mara moja, yaishe.

"Na nisiporudi?"

"Kwa nini usirudi? Duka halihami."

"Duka halihami. Mimi je?"

Mjukuu akavuta upinde juu ya nyuzi. Sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Akacheka, pengo wazi. "Bibi, imeniitikia!"

Bibi akaufunga mkoba, safari hii akaukalia.

"Tufungie ndogo," alimwambia muuzaji. "Na hiyo kubwa iweke kule juu, usimuuzie mtu. Nikirudi nisiikute, utanitambua."