Neno Kuokota

Msitu ukiuzwa hewa yake, harufu yake hubaki ya nani? Bi Mwanaidi, mwakilishi wa wanawake katika kamati ya msitu, alikipakata kinu alichopewa na marehemu mama yake siku ya harusi. Kama vinu vyote vya maharusi wa mji ule, kilichongwa kwa mti ulioanguka wenyewe. Bado kilinukia iliki.

Wakili wa wanunuzi wa hewa ukaa, waliotaka kuulipia msitu usikatwe, alimsogezea mkataba. "Hakuna kukata mti tena, mama."

"Vyema. Na kuokota?"

"Hapana. Hata ulioanguka umehifadhi kaboni."

"Ala! Bi Mwanaidi, utukoseshe zahanati watakayotujengea kwa ajili ya kinu?" mwenyekiti alimtania.

Bi Mwanaidi alikinusa kinu, akakiweka juu ya mkataba.

"Wajukuu zetu nao wataolewa. Mpaka neno 'kuokota' liandikwe humu, sitii sahihi."