Mjomba wa Robo Saa

"Na mama yako anaitwaje tena?" mjomba aliuliza.

"Zahra! Ni dada yako huyo, Mjomba, utasahauje jina la dada yako?"

Ujomba wenyewe ulikuwa na umri wa robo saa. Zuheir alikuwa amemkuta mtu huyu peke yake katika mkahawa unaotazamana na lango la shule yao, pale mjini Settat, amevaa koti safi, kahawa yake ya maziwa hajaigusa. Uso wa heshima, nywele zimeanza mvi. Mfa maji haachi kutapatapa: kijana alimsalimu, akavuta kiti, akamwomba awe mjomba wake hadi saa nne na nusu.

Barua ya mkuu wa shule ilisema aje saa nne kamili na mzazi au mlezi, la sivyo atafukuzwa. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Na baba mtu asingeweza kuambiwa, maana alishaapa kwamba kesi moja tena, basi, madaftari yatawasha tanuri la hamamu, bafu la mtaa, na Zuheir atakwenda kuchanganya saruji. Mzee yule akiapa, ameapa.

"Umefanya nini hasa?"

"Si kitu, wallahi. Maneno ya mtandaoni tu. Darasa letu lina ukurasa wake, shule nzima inausoma, kila mtu anaandika kwa jina la bandia. Mimi kuna mshenzi kanitaja."

"Uliandika nini?"

Zuheir alimpa simu, ilikuwa rahisi kuliko kusema. Ghizlan wa darasa lao alizirai uwanjani katikati ya Ramadhani, na jioni yake Zuheir aliandika: "Msiisingizie saumu. Subirini miezi tisa, mtaalikwa akika ya mtoto." Watu mia nne walicheka.

Mtu yule alisoma. Akasoma na majibu ya watu chini yake, yote, akisogeza kidole polepole. Zuheir aliangalia saa.

"Hili la miezi tisa, ulilijua wapi?"

"Nilijue wapi! Mzaha tu, Mjomba."

"Na msichana mwenyewe?"

"Haji shule, wiki ya tatu hii. Wasichana nao, kila kitu wanaweka moyoni. Ila mwenye kelele ni baba yake. Mkulima fulani wa huko mashambani, eti kaandika barua ya kushtaki. Ataandika barua yule? Kaandikiwa!"

"Huenda," mtu yule alisema, akamrudishia simu. "Haya, nifundishe kazi."

Zuheir alishusha pumzi. Kumbe dunia bado ina watu wema! "Mkuu akisema, wewe tikisa kichwa. Akiutaja ukurasa, nizabe kibao cha kisogoni."

"Cha nguvu gani?"

"Cha mjomba, bwana, si cha baba. Halafu uape kuninyang'anya simu."

Ofisini, Bwana Lamrani, mkuu wa shule, aliwatazama wote wawili juu ya miwani.

"Wewe ndiye mlezi wake?"

"Kaniomba nije naye," mjomba alijibu.

Mkuu aliyasoma yale maneno kwa sauti, neno kwa neno, na akika yake. Kwa sauti ya mtu mzima hayakuchekesha hata kidogo, na Zuheir aliona haya, kwa mara ya kwanza. Mjomba alitikisa kichwa mahali pake. Kibao hakikuja. Kasahau tena, Zuheir alijisemea. Mara jina la mama, mara hili.

"Mimi ningempa adhabu ndogo, afanye mtihani wake," mkuu alisema. "Lakini aliyekosewa si mimi. Kwa hiyo nimemwita pia baba wa binti. Sijawahi kumwona, ila kwa barua yake ni mtu wa maana. Akisamehe yeye, yamekwisha. Asiposamehe, huyu anakwenda nyumbani leo hii."

Aliitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi.

"Tulikubaliana saa nne. Naona kachelewa."

"Au kaghairi," Zuheir alisema, kwa matumaini.

"Hajachelewa," mjomba alisema, akatoa mfukoni barua yake ya mwito, akaiweka juu ya meza.