Mluzi Kwenye Hedfoni

Aliyeponzwa kwanza ni jogoo. Aliwika katikati ya ubeti wa pili, Amoni akatoka nje na hedfoni shingoni, na jioni ile familia ikala nyama bila kuwa na mgeni. Kesho yake saa ya ukutani ilitolewa betri. Kisha Amoni akaenda kumbembeleza jirani azime friji lake kidogo.

Mluzi ulibaki palepale. Ulikuwa mwembamba, kama wa birika linalotaka kuchemka, na ulisikika kwenye hedfoni kila mke wake, Ferista, aliponyamaza baina ya mstari na mstari.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani hapo Vwawa, kuta zimebandikwa trei za mayai, mwimbaji na kompyuta wakigombea nafasi. Amoni aliacha ualimu kwa ajili ya chumba hicho, na watu walishamcheka vya kutosha. Sasa kwaya ya usharika ilikuwa imempa albamu yake ya kwanza airekodi, mwimbishaji akiwa Ferista. Jumamosi Sadoki, mwalimu wa kwaya, angekuja kusikiliza. Akikuta mluzi bado upo, kwaya ingepanda basi kwenda kurekodi Mbeya, na studio ingebaki banda la kuku lisilo hata na jogoo.

"Mbona sauti za kina baba hazina mluzi?" Sadoki alikuwa amemuuliza.

"Walirekodi asubuhi. Mashine ilikuwa bado haijapata moto," Amoni alijibu, na jibu hilo akaliamini mwenyewe.

Ferista ndiye aliyemaliza ubishi. "Ni hiyo kompyuta yako, baba Roda. Inanguruma mno. Kaitafutie dawa."

Alisema hayo akiwa kwenye kiti. Siku hizi hata kuimba aliimba akiwa amekaa, eti kusimama kunamchosha kiuno. Amoni aliyaita hayo maringo ya wasanii.

Na kweli kompyuta ilinguruma. Amoni alilifungua kasha lake, akatega sikio, akampata mkorofi: pawa saplai, lile boksi la bati linalopokea umeme na kuugawa ndani. Feni yake ilikuwa imelegea. Akashuka Tunduma.

Dukani kwa Yassir, muuza vifaa vya kompyuta karibu na mpaka, Amoni alienda moja kwa moja kwenye boksi lenye stika kubwa ya wati mia sita. Yassir akalitoa mikononi mwake kwa upole.

"Mwalimu, usinunue stika. Shika hii, halafu shika na ile."

La stika lilikuwa jepesi kama kopo tupu. Lile jingine, limechubuka rangi, lilivuta mkono chini.

"Uzito huo ni nyaya za shaba na vyuma vya kupoza joto. Na feni ikiwa pana hivi, haina haja ya kukimbia. Hizi ndogo ndizo zinazopiga kelele, si unajua watu wafupi kwenye mikutano?"

Akaichomeka ile nzito kwenye umeme. Amoni alisogeza sikio mpaka likagusa bati, asisikie kitu, ikabidi achungulie aone kama feni inazunguka kweli. Kwa furaha akasimulia habari za jogoo, na Yassir akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu. Umewaonea kuku na majirani bure, kumbe mchawi unaye ndani."

Ijumaa mchana Amoni alikaza skrubu ya mwisho, akawasha. Mngurumo haukuwepo. Chumba kilitulia hivi kwamba Ferista alipoweka kikombe mezani, Amoni alishtuka. Alitamani Sadoki angekuja saa ileile.

"Haya, imba."

Ferista aliimba ubeti mmoja, kwa ile sauti iliyomfanya Amoni amchumbie, kisha akanyamaza. Amoni akazibana hedfoni masikioni.

Mluzi. Sasa haukuwa na mngurumo wa kujifichia. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

Aliona basi la Mbeya, aliwaona wanakwaya wakimpungia mikono madirishani, akaona aibu mapema.

"Yassir kaniuzia kimeo! Kimya chote kile, kumbe inapiga mluzi chini kwa chini."

"Tuache, baba Roda," Ferista alisema taratibu. "Kesho mwambie Sadoki nafasi yangu aimbe Teresia."

"Teresia ataondoa mluzi?" Amoni alifoka, na papo hapo akajuta. Mke wake hakustahili kufokewa kwa kosa la bati la Tunduma. Akashusha sauti. "Ngoja kwanza niisikie mashine peke yake. Kiti chako kinalia, usijitikise. Hata pumzi usivute."

Ferista alimtazama. Macho yalikuwa yamelowa, na Amoni akadhani ni kwa sababu ya kule kufoka.

"Ni lazima?"

"Kidogo tu, mama Roda."

Ferista akafumba midomo mbele ya maiki, akazuia pumzi.

Kwenye hedfoni pakawa kimya, kimya kilekile ambacho Amoni alikuwa amekifuata hadi Tunduma. Kisha Ferista akashindwa, akapumua, na mluzi ukarudi.